Sura ya Sita: Juma Hupangwa kwa Mapumziko Yake

"Nipumzike siku ngapi katika juma?" Hilo ndilo swali ambalo wakimbiaji wa kawaida hawachoki kuliuliza, na kila mmoja huliuliza kwa hofu yake. Mwalimu wa shule anayejiandaa kwa marathoni ya Kilimanjaro huiona kila siku asiyokimbia kuwa ni siku iliyopotea. Kijana wa klabu ya mbio ya mtaani huona haya kuuliza mbele ya wenziwe, kwa kudhani kwamba kutaka kupumzika ni kukiri uvivu. Na mama aliyeanza kukimbia akiwa na miaka arobaini na ushei huuliza kwa sababu magoti yake yameanza kuuma kila ashukapo ngazi. Aghlabu wote watatu hupewa jibu moja: siku moja, au siku mbili, basi. Jibu hilo si la uongo, lakini asiyejua sababu yake hulivunja mara ya kwanza anapojisikia mwepesi, au hulishika kwa ugumu hata pale mwili wake unapohitaji zaidi.

Sura hii ina shauri moja, nami nalitoa mapema ili msomaji alipime kwa yote yatakayofuata: anayepanga juma lake la mazoezi na aandike kwanza siku za kupumzika, ndipo atie kazi katika siku zinazobaki. Wengi hufanya kinyume cha hayo. Hujaza juma zima kwa kilomita, kisha mapumziko wakayaachia bahati, yaani mvua inyeshe, au mguu uume, au homa iwalaze kitandani. Maneno haya yanawahusu hasa watu wa mbio za masafa marefu, kuanzia kilomita 10 hadi marathoni yenye kilomita 42 na mita 195, lakini waendesha baiskeli na waogeleaji nao watayakuta mambo yao humu.

## Nguvu huongezeka lini?

Watu wengi hudhani kwamba nguvu huongezeka wakati wa kukimbia, na dhana hiyo ni kweli kwa nusu yake tu. Mbio huutaka mwili ubadilike, lakini mabadiliko yenyewe hutendeka baada ya mbio kwisha. Mtu aliyekimbia kilomita 20 asubuhi ya Jumapili hurudi nyumbani akiwa dhaifu kuliko alivyotoka: nyuzi za misuli yake zimepata michaniko midogo isiyoonekana kwa macho, akiba ya nguvu iliyowekwa mwilini imepungua, na maji pamoja na chumvi vimemtoka kwa jasho. Mwili huo ukipewa chakula, maji, usingizi na muda, hutengeneza kilichoharibika. Na kwa kuwa umekwisha kuonja taabu ile, hukitengeneza kikawa imara kidogo kuliko kilivyokuwa. Ziada hiyo ndogo, ikipatikana juma baada ya juma, ndiyo inayomfikisha mtu katika marathoni ambayo mwaka uliopita hakuweza hata kuiwaza.

Mwaka 1936 daktari Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Montreal nchini Kanada, alieleza kwamba kiumbe anayepatwa na mashaka hupita katika hatua tatu: kwanza hushtuka, kisha huyazoea mashaka na kujikinga nayo, na yakiendelea pasipo kukoma, huchoka na kushindwa. Kila mkimbiaji huipita njia hiyo. Hatua ya kwanza ni mazoezi, ya pili ndiyo faida anayoitafuta, na ya tatu humngoja yule asiyejua kusimama. Mafundi wa zamani waliojenga nyumba za mawe na chokaa katika miji ya Pwani walilijua jambo hili katika kazi yao: hawakupandisha ukuta mzima kwa siku moja, bali waliiacha safu ya chini ikauke na kushika, kwa maana chokaa mbichi ikilemezwa hupasuka, hata kama fundi ni hodari na mawe ni mazuri.

## Kila kiungo na muda wake

Ugumu wa kupanga mapumziko unatokana na jambo hili, kwamba sehemu za mwili hazipoi kwa muda mmoja. Zilizo muhimu kwa mkimbiaji ni nne:

1. Akiba ya nguvu. Wanga tunaoupata katika ugali, wali, viazi na ndizi huwekwa ndani ya misuli na ini kwa sura ya sukari iitwayo glikojeni. Mbio ndefu huimaliza karibu yote, na kuijaza tena kwa chakula cha kutosha huchukua takribani siku nzima, au mbili baada ya kazi kubwa mno.
2. Misuli. Maumivu ya misuli baada ya mbio za kuteremka mlima au za kasi hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Ndiyo sababu mtu hujisikia mzima Jumatatu, akashindwa kushuka ngazi Jumanne.
3. Kano. Hizi ni kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, kama ile iliyo nyuma ya kisigino. Damu inayopita ndani yake ni kidogo, kwa hiyo huimarika taratibu, kwa majuma na miezi.
4. Mifupa. Mfupa hai hubomolewa na kujengwa upya daima, na duru moja ya kazi hiyo huchukua miezi mitatu hivi au zaidi. Ukipigwa na mzigo mpya kila siku pasipo nafasi ya kujengwa, hupata ufa mdogo ambao humweka mkimbiaji nje ya mbio kwa majuma mengi.

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya mkimbiaji mpya. Moyo na mapafu yake hunufaika upesi, na baada ya mwezi mmoja au miwili pumzi yake humwambia kwamba anaweza kukimbia mara mbili ya alivyokuwa akikimbia. Kumbe kano na mifupa yake havijamaliza hata nusu ya kazi. Kamba hukatikia pabovu, na mahali pabovu pa mtu mwenye pumzi nzuri ni kisigino, goti na mfupa wa muundi.

Kwa muhtasari: mazoezi huutaka mwili ubadilike, mapumziko huubadilisha, na kwa kuwa mifupa na kano huchelewa kuliko pumzi, pumzi pekee haifai kuwa hakimu.

## Majuma mawili ya Zátopek hospitalini

Emil Zátopek wa Chekoslovakia alikuwa mtu wa kazi kuliko wote wa zama zake. Alikimbia mita 400 kwa kasi, akapumua kidogo kwa mbio za pole, akarudia tena na tena mara nyingi kwa siku moja, hata watu wakashangaa jinsi mwili wa binadamu unavyoweza kuhimili adhabu hiyo. Mwaka 1950, karibu na mashindano ya Ulaya yaliyofanyika Brussels, alikula chakula kilichoharibika, akalazwa hospitalini kwa muda wa majuma mawili hivi, akatoka siku chache tu kabla ya mashindano. Wengi wangedhani kwamba mtu huyo amekwisha. Badala yake alishinda mita 10,000 kwa kumwacha aliyemfuata zaidi ya dakika moja, kisha akashinda mita 5,000 kwa tofauti ya sekunde 23.

Haifai kusema kwamba ugonjwa ulimpa nguvu, kwa kuwa ugonjwa haumpi mtu nguvu. Nguvu alikuwa nayo tayari, ameikusanya kwa miezi mingi ya jitihada, lakini ilikuwa imefunikwa na uchovu ambao yeye mwenyewe asingeuondoa kwa hiari yake. Kitanda cha hospitali kilimlazimisha kufanya jambo ambalo mwenye bidii hulifanya kwa taabu kuliko mbio zenyewe. Ni heri mtu apate mapumziko hayo kwa tadbiri yake kuliko kuyangoja yamjie kwa maradhi.

## Siku nzito na siku nyepesi

Miongoni mwa makocha walioifanya hekima hiyo kuwa kanuni ni Bill Bowerman wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani. Aliona kwamba vijana wake waliofanya kazi ngumu kila siku ama waliumia ama walisimama pale pale, akaanza kuwapangia siku nzito ikifuatwa na siku moja au mbili nyepesi, kulingana na mwili wa kila mmoja. Kijana mmoja, Kenny Moore, hakutosheka, akawa anajiongezea mbio kwa shauku yake. Bowerman alimkataza kwa ukali, akamwekea majuma matatu ya mbio fupi za pole pasipo kuzidisha hata hatua. Moore alitii kwa uchungu, kisha akaingia mashindanoni akakimbia kuliko alivyowahi kukimbia. Na mwaka 1972, katika Olimpiki ya Munich, alishika nafasi ya nne katika marathoni.

Kanuni hiyohiyo inaonekana karibu nasi, katika kambi ya Kaptagat iliyo katika nyanda za juu za Kenya, ambako Eliud Kipchoge amefanya mazoezi chini ya kocha wake Patrick Sang. Kazi nzito katika juma la kambi hiyo hujulikana siku zake: Jumanne mbio za kasi uwanjani, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40, na Jumamosi mbio ambazo kasi hupandishwa na kushushwa njiani. Siku zilizo baina ya hizo ni za mbio za pole, na mgeni anayezitazama hustaajabu kuwaona mabingwa wa dunia wakianza kwa mwendo ambao hata yeye angeweza kuufuata. Mchana hulala, na jioni hupumzika pasipo haya. Mtu aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9 haoni aibu kukimbia polepole siku ya Jumatano, kwa kuwa anajua kwamba Alhamisi inamngoja.

Kosa la wakimbiaji wa kawaida si kukosa bidii, bali ni kuitawanya bidii hiyo sawasawa kila siku. Siku nyepesi huikimbia kwa kasi zaidi ya inavyostahili, na kwa sababu hiyo siku nzito huikimbia kwa udhaifu; mwisho wa juma siku zote saba hufanana, na hakuna hata moja iliyowafaa. Kipimo cha mbio za pole ni rahisi: ukiweza kuzungumza na mwenzio kwa sentensi nzima pasipo kutweta, uko mahali pako.

## Kazi za maisha nazo ni mzigo

Wanariadha wa Kaptagat hulala mchana kwa kuwa mbio ndiyo kazi yao. Msomaji wa sura hii labda huamka alfajiri, hukimbia kabla ya jua kuchomoza, kisha husimama darasani au hubeba mizigo sokoni au hulima hadi adhuhuri, akarudi nyumbani kwenye watoto na mapishi. Mwili hauulizi kama uchovu umetoka barabarani au shambani. Mtu aliyepalilia siku nzima amekwisha kufanya zoezi la siku hiyo, na akiiandika katika ratiba yake kuwa siku ya kupumzika kwa sababu hakukimbia, anajidanganya kwa hasara yake. Fauka ya hayo, kuuguza mgonjwa usiku, msiba, na wasiwasi wa ada za shule huondoa usingizi, na katika usingizi mzito ndimo mwili unamotoa kwa wingi homoni ya ukuaji, yaani kemikali inayoamrisha viungo vijengwe upya. Anayelala kwa muda wa saa tano hawezi kufanya mazoezi ya anayelala kwa muda wa saa nane.

Hali ya hewa nayo ina hesabu yake. Marathoni ya Kilimanjaro hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maana yake mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hujiandaa kwa ajili yake katikati ya joto la kaskazi. Katika joto lenye unyevu moyo hufanya kazi mbili, kupeleka damu kwenye misuli na kuipeleka kwenye ngozi ili mwili upoe, kwa hiyo kilomita 10 za Januari humgharimu mtu zaidi ya kilomita 10 za Julai wakati wa kusi. Mwenye hekima hupunguza kasi katika miezi hiyo, na asipoweza kupunguza kasi, huongeza siku ya kupumzika.

Mwezi wa Ramadhani nao unataka mpango wake. Mwenye saumu hukosa maji mchana kutwa, na daku humkatiza usingizi. Wengi hupata nafuu kwa kukimbia pole muda mfupi kabla ya magharibi, ili futari iwe karibu, na kuzitia mbio chache za nguvu usiku baada ya kula kidogo. Mwezi huo na uhesabiwe kuwa ni wa kuitunza nguvu iliyopo. Kuiongeza kuna miezi mingine kumi na mmoja.

## Juma lipangwe vipi?

Kwa mtu mwenye kazi na aila, anayekimbia siku nne, mpango ufuatao unafaa kuwa mwanzo:

- Jumatatu: mapumziko kamili, yaani hakuna zoezi lolote.
- Jumanne: mbio za kasi au za kupanda vilima, dakika 40 hadi 50 pamoja na kuupasha mwili joto.
- Jumatano: mapumziko ya mwendo, yaani kutembea au kuogelea kwa upole ili damu ipite.
- Alhamisi: mbio za pole, dakika 40 hadi 60.
- Ijumaa: mapumziko kamili.
- Jumamosi: mbio fupi za pole.
- Jumapili: mbio ndefu, kwa mwendo wa kuzungumza.

Siku zenyewe zinaweza kuhamishwa. Anayeswali Ijumaa msikitini, anayekwenda kanisani Jumapili, na Msabato anayeitunza Jumamosi, kila mmoja ana siku ambayo jamii yake imekwisha kumwekea mipaka ya kazi, naye atapata wepesi akiifanya hiyo kuwa nguzo ya juma lake. Yasiyohamishika ni mambo matatu: siku mbili nzito zisifuatane, mapumziko kamili yawe walau siku moja, na baada ya majuma matatu ya kuongeza kazi lije juma moja jepesi, ambalo jumla ya kilomita hupunguzwa kwa robo au theluthi. Aliyezoea kwa miaka mingi anaweza kukimbia siku sita. Aliyevuka miaka hamsini aghlabu huhitaji siku mbili nyepesi baada ya kila siku nzito, ambapo kijana hutosheka na moja.

## Dalili za kuvuka mpaka

Uchovu wa siku moja ni wa kawaida. Uchovu usiokwisha kwa majuma ni jambo jingine, na dalili zake hujulikana:

- mapigo ya moyo yanayohesabiwa asubuhi kabla ya kuondoka kitandani yamezidi kawaida yako kwa kama mapigo 10, siku kadhaa mfululizo;
- usingizi hauji ilhali mwili umechoka;
- hamu ya chakula imepungua, na hasira imekuwa karibu;
- mafua hayaishi;
- mbio zilizokuwa nyepesi zimekuwa nzito, na maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa huzidi kila ukikimbia.

Ukiona mbili au tatu katika hizi kwa pamoja, pumzika siku tatu au nne, ule vizuri, ulale; usipopata nafuu, nenda kwa daktari. Na hili nalisema kwa mkazo kwa wasichana na wanawake, na kwa makocha wao: mkimbiaji ambaye hedhi yake imekatika kwa sababu ya mazoezi mengi na chakula kidogo hajafikia kilele cha siha, bali mifupa yake imo hatarini. Hilo lisifichwe wala lisionewe haya.

## Hofu ya kupoteza nguvu

Inabaki hofu ambayo ndiyo mzizi wa swali letu: nikisimama, je, sitarudi nyuma? Siku moja, mbili, hata nne hazimpunguzii mtu kitu cha maana. Kushuka kwa dhahiri kwa uwezo wa mwili kutumia oksijeni huonekana baada ya takribani majuma mawili ya kukaa bure kabisa, na hata hapo, aliyefanya mazoezi kwa miaka hurejea upesi kuliko anayeanza.

Wako watakaomtaja Ron Hill, Mwingereza aliyeshinda marathoni ya Boston mwaka 1970, ambaye alikimbia kila siku tangu Desemba 1964 hadi Januari 2017 bila kukosa hata siku moja. Jambo hilo ni la kustahiwa. Lakini siku nyingine katika hizo alikimbia maili moja tu, na maili moja kwa mtu wa marathoni ni mapumziko yenye viatu. Hakuna aliyekwepa kanuni. Hata yeye aliitii kwa namna yake.

Ushahidi ulio mkubwa zaidi ni jinsi mabingwa wanavyoingia mashindanoni. Katika majuma mawili ya mwisho hupunguza kilomita zao hadi karibu nusu, wakibakiza kasi kidogo ili miguu isisahau, kwa sababu kazi ya siku hizo haiwezi tena kuwaongezea nguvu, lakini inaweza kuwanyang'anya. Mwezi Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda huohuo. Waamuzi walilazimika kutazama picha ya utepeni ili kumjua mshindi. Mbio zinazoweza kuamuliwa kwa hatua ya mwisho haziachi nafasi ya mtu kuja nazo uchovu wa juma lililopita.

Kwa muhtasari: pumzika kabla ya kulazimishwa, tenganisha siku nzito kwa siku nyepesi, hesabu kazi za nyumbani, joto na saumu, na sikiliza dalili kabla hazijawa maradhi.

Basi aliyeuliza apumzike siku ngapi ajibiwe hivi: moja kamili kwa uchache, mbili au tatu ukiwa na kazi nzito au umri mkubwa, na zaidi ya hizo kila mwili unapotoa ushahidi wa kuzihitaji. Chukua karatasi leo, andika siku saba, utie alama kwanza zile ambazo hutakimbia, na ukisha kuziandika, zitii kwa idili ileile unayoitumia kuamka alfajiri kwenda kukimbia.